Shuaib Keynan na Alama ya Mlango wa Buluu

Assalamu alaikum, wasikilizaji wapendwa. Uwe hapa Garissa mjini, uwe Buna au Lafey, au uwe umeegesha kando ya barabara ukingoja injini ipoe, karibu tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi. Tunamkumbuka Shuaib Keynan, fundi wa rangi za magari, mkazi wa mtaa wa Waberi hapa mjini. Shuaib ametutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nilipokwenda kumpa pole mkewe, Bi Nafiso, alinionya mapema. "Usilize watu kwa redio," alisema. "Shuaib hakupenda kilio. Alipenda chai ya maziwa na gari chafu." Basi nitajitahidi. Nikishindwa, mtanisamehe.

Huenda hukumjua kwa sura, lakini kazi yake umeiona. Jua letu mnalijua, wasikilizaji. Gari jekundu likikaa nje miaka michache, linakuwa na rangi ya nyama iliyochemshwa. La buluu linakuwa kama majivu. Halafu kuna miti ya mathenge, inayonyoosha matawi barabarani na miba yake ikakuchorea mlango mzima. Mbuzi wanapanda boneti kutafuta majani. Ngamia naye akiwashwa, anajikuna kwenye gari lako bila kukuomba ruhusa. Ukimfokea, anakuangalia tu.

Watu wengi waliamini dawa ya gari la namna hiyo ni kulipaka rangi upya. Shuaib alikataa katakata. Mteja akifika, kabla ya salamu kwisha, Shuaib alikuwa amekwisha kufungua kile kifuniko kidogo cha kutilia mafuta. Ndani ya kifuniko jua halifiki. Rangi ya humo ni ile ile iliyotoka kiwandani. "Ona," alimwambia mteja. "Gari yako iko hapa. Hiyo ingine ya nje ni jua tu. Wacha nitoe jua."

Na kweli alilitoa. Aliosha gari, akalisugua kwa msasa laini wa maji, akapaka dawa ya kung'arisha, akapitisha mashine, akamalizia na nta. Alifanya kazi asubuhi baada ya swala ya alfajiri, na tena baada ya alasiri. Mchana hakugusa, kwa sababu bati likiwa moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Wateja wenye haraka walilalamika. Shuaib aliwaambia waende wakazungumze na jua.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka niwaambie kuhusu pikapu moja. Pikapu ya buluu. Ndiyo iliyomfanya Shuaib awe Shuaib tuliyemjua, na mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Pikapu hiyo ilikuwa ya Mzee Isak, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Buna. Mzee Isak alifariki, Mungu amrehemu, na mjane wake, Bi Faay, akahamia Waberi kwa binti yake, Hani. Pikapu ikaja naye. Ilikuwa imechakaa kiasi kwamba usingeweza kusema kwa uhakika ni ya rangi gani. Hani akaona amfurahishe mama yake. Akaipeleka kwa Shuaib bila kumwambia, akasema, "Fundi, toa mikwaruzo zote. Zote kabisa. Nataka mama asiijue."

Mikwaruzo ya miba ilikuwa mingi, na mingi yake ilikuwa ya juu juu. Lakini kwenye mlango wa dereva, katikati ya fujo hiyo yote, palikuwa na mahali ukucha ulipozama. Fundi akipitisha ukucha na ukanasa, anajua mkwaruzo umefika kwenye bati. Huo hautoki kwa kung'arisha. Shuaib alidhani ni mtu mwenye kijicho aliyepita na msumari. Akaujaza puti, ile dawa nzito ya kuzibia mabonde ya bati, akausawazisha, akachanganya rangi mpaka ikalingana na ile ya ndani ya kifuniko. Akapaka. Bi Nafiso anasema alimwita atoke jikoni aje kutazama, na yeye akapitisha mkono pale, asihisi kitu. "Alifurahi kama mtu amepata mtoto," anasema.

Hani akamleta mama yake. Bi Faay aliizunguka pikapu pole pole, akitabasamu. Inang'aa, Mashallah. Akafika mlango wa dereva. Akaweka kiganja juu yake. Akakisogeza, akakirudisha, akakisogeza tena. Tabasamu likamwisha.

"Waryaa Shuaib," alisema. "Alama yangu iko wapi?"

Wasikilizaji, nyinyi wafugaji mmeshaelewa. Mlio mjini niwaeleze. Kila ngamia wa kwetu ana sumad, ile alama ya ukoo anayochomwa kwa chuma cha moto, ili akipotea mpaka upande wa pili wa mpaka ajulikane ni wa nani. Mzee Isak siku aliyoinunua pikapu ile aliifikisha nyumbani Buna, akachukua chuma, akaitia alama ya ngamia wake mlangoni. Mistari miwili na ndoano chini. Majirani walimcheka wakashika mbavu. Yeye aliwajibu hivi: "Kitu yangu yote inalala nje iko na alama. Hii pia inalala nje."

Mzee Isak hakujua kusoma wala kuandika. Picha hakupenda kupigwa, hata moja. Na ngamia waliokuwa na alama ile? Ukame uliwamaliza wote. Mlango wa pikapu ndio ulikuwa mahali pa mwisho duniani penye mkono wa Isak. Na fundi wetu alikuwa ameujaza puti.

Shuaib alizaliwa na kukulia mjini, mtoto wa lami, na hakuwahi kuchunga ngamia hata siku moja. Lakini ni Msomali. Alama aliijua. Ni vile tu hakuitazama, kwa sababu nani anatafuta ngamia kwenye mlango wa gari?

Bi Faay hakupiga kelele. Alimgeukia bintiye akamwambia neno moja tu: "Mmemfuta." Akaenda kukaa kivulini, akajifunika uso kwa shungi.

Hani alikuwa analia. Alimvuta Shuaib pembeni. "Fundi, chora tu upya. Ninakumbuka vile ilikuwa. Mama hatajua." Pengine angekuwa fundi mwingine, angechukua msumari, dakika mbili kazi imekwisha. Shuaib alikataa. Bi Nafiso alikuwepo, na maneno ya mumewe anayakumbuka kama yalivyo: "Nikichora, nimechora mimi. Anataka ile ya Isak, na ya Isak iko hapo chini. Mimi nimeiziba, mimi nitaizibua."

Kisha akamwendea Bi Faay, akachuchumaa mbele yake. "Eeddo," alimwambia, maana kwa heshima alimwita shangazi. "Niachie huu mlango. Kama iko, nitaileta. Kama haiko, nitakwambia haiko. Sitakudanganya."

"Nenda," alisema Bi Faay.

Shuaib aliiweka mashine kando. Mashine ina nguvu, na mahali pale nguvu ndiyo adui. Alikata msasa vipande vidogo, akavilowesha, akasugua kwa ncha ya kidole. Aliitoa rangi aliyoipaka kwa mikono yake mwenyewe, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Akiteleza kidogo tu, atakula bati, na alama itakwenda moja kwa moja. Wateja wakaja, akawaambia warudi siku nyingine. Bi Nafiso anasema alikuwa anasugua huku anasoma dua, na chai ikapoa kando yake. Kwa mtu yule, chai kupoa ni jambo kubwa.

Asubuhi ya pili puti ikaanza kuonekana, mstari mweupe ndani ya buluu. Sasa ilibidi kuitoa puti ndani ya mfereji bila kuugusa mfereji wenyewe. Chuma kingeongeza mkwaruzo. Unajua alitumia nini? Alikwenda nyuma ya nyumba, akavunja mwiba wa mathenge. Ule ule mti tunaoulaani kila siku. Mwiba ni mgumu kwa puti, lakini kwa bati ni laini. Akachokoa punje kwa punje, mpaka mistari miwili ikatoka, na ndoano ikatoka chini yake.

Akapaka juu yake rangi isiyo na rangi, ile inayong'aa kama maji, ili kutu isiile. Kisha akamtuma mkewe amwite Bi Faay.

Bi Faay alifika, akafumba macho, akaweka kiganja. Ndoano ya alama ile ilikuwa imepinda upande mmoja. Kidole chake kikafika pale palipopinda, kikasimama. Akaanza kucheka.

"Ni yeye," alisema. "Hapa mkono yake iliruka. Mimi nilikuwa nacheka yeye, na yeye akanicheka, chuma ikateleza." Akamshika Shuaib kichwani kwa mikono miwili, akamwombea dua ndefu, mpaka fundi akaona haya mbele ya wateja.

Kuanzia siku hiyo, Shuaib Keynan hakugusa gari la mtu kabla ya kulizunguka pamoja na mwenyewe. Wengi wenu mnakumbuka. Alikuonyesha mkwaruzo mmoja mmoja, akauliza, "Huu nani? Huu abaki au aende?" Mara ya kwanza ulidhani amechanganyikiwa. Halafu ukajikuta unasimulia. Mwalimu mmoja wa hapa mjini aliacha herufi tatu kwenye boneti, kwa sababu bintiye alizichora kwa jiwe siku aliyojifunza kuandika jina lake. Dereva mmoja wa lori aliacha bonyeo la kwato la mbuzi. Sababu yake alimwambia Shuaib peke yake, na Shuaib hakuitoa kwa mtu. Gari lilitoka pale linang'aa kama jipya, na bado lilikuwa lako. Kwa hilo, fundi, tunakushukuru. Mimi binafsi ninakushukuru sana.

Kwa niaba ya kituo chetu natuma rambirambi kwa Bi Nafiso, kwa watoto na wajukuu, na kwa mafundi wote wa Waberi. Mola awape subira, na amlaze marehemu mahali pema. Nawe msikilizaji, leo ukitoka nje, lizunguke gari lako, au baiskeli yako, au hata mlango wa nyumba yako. Jiulize kama alivyouliza Shuaib: huu nani? Anayestahili dua, mwombee. Aliye hai, mpigie simu.

Limebaki jambo moja, nalo nimeliweka mwisho makusudi.

Siku ya maziko, Bi Faay alisema hataki kusikia habari ya gari lingine. Shuaib atapelekwa makaburini na pikapu ya buluu. Aliyeendesha ni Deeq, mkwe wake, mume wa Hani. Njiani lori likatokea mbele, Deeq akasogea kushoto kulipisha, na mathenge ikaupitia mlango wa abiria kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana wa watu alizika huku roho haijatulia. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake kuomba radhi, na Hani akasema, "Mama, usijali, tutatafuta fundi aitoe."

Bi Faay alitoka nje. Akapitisha kiganja kwenye mkwaruzo ule mpya, taratibu, mpaka ulipoishia.

"Wachaneni nayo," alisema. "Hii ni ya Shuaib."

Ukipita Waberi utaiona pikapu hiyo, safi, buluu yake haina jua hata kidogo. Upande wa dereva kuna alama ya Isak. Upande wa abiria kuna mkwaruzo wa Shuaib. Mungu awarehemu wote wawili.