Viti vya Kuazima

Mwenyekiti, wachungaji, mama zangu, ndugu zangu mliojaa hapa Chapwa, nimepewa dakika kumi. Nikizidisha kidogo mnivumilie, kwa sababu kwenye ofisi zote nilizopita hakuna aliyewahi kunipa hata tano. Na niseme mapema kwamba nimekuja na hasira zangu. Nilimuuliza mchungaji kama inaruhusiwa, akasema niache tu matusi.

Mimi ni mkulima wa Ndalambo. Baba watoto alifariki, nikabaki na watoto watatu na kashamba ka mahindi na ufuta. Binti yangu wa kati ana kifafa. Mnaokijua mnajua kwamba dawa ni kila siku. Akimeza anakwenda shule, anaruka kamba, anagombana na wenzake kama mtoto yeyote. Akikosa, anaanguka popote alipo. Nilikuwa nabangaiza tu, mwezi huu tunapata, mwezi ujao tunakosa.

Ndipo tukasikia kuna watu wanakuja kuandikisha kaya maskini. Ukiandikwa unapata kadi, na kwa kadi hiyo mtoto anatibiwa bure. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi mpaka nikaharibu.

Sikieni nilichofanya, na anayetaka kucheka acheke. Mtendaji wa kijiji alitangaza kuwa wageni watapita nyumba kwa nyumba. Sasa mgeni wa serikali, kwangu mimi, akae wapi? Juu ya kinu? Nikaenda kwa jirani yangu mwalimu nikaazima viti vinne vya mito na meza yake. Kwa shemeji nikachukua chupa ya chai na vikombe vya maua. Nilikuwa na jogoo mmoja, nikamchinja. Nikafagia uwanja, nikavaa kitenge cha kanisani. Wakaja wawili, wakaketi, wakala. Mkubwa wao nikampa firigisi, kama inavyotakiwa kwa mgeni wa heshima. Akaangalia huku na huku, akaandika, akasema, "Mama, hongera, unajitahidi sana." Nikashukuru kwa magoti, kumbe ndiyo nakatwa hivyo.

Orodha ilipobandikwa jina langu halikuwemo. Nikamfuata mtendaji. Akasema, "Fomu inaonyesha una samani, una mifugo, unakula nyama. Wewe una uwezo."

Nikamwambia, "Viti ni vya mwalimu."

"Fomu haiulizi kiti ni cha nani, mama. Nenda kata."

Kata wakanituma halmashauri. Halmashauri wakasema orodha imeshafungwa, nirudi kijijini. Kila mlango naambiwa pole, ndiyo utaratibu. Huo utaratibu ungekuwa mtu, ningemfuata mpaka kwake nimuulize kama ana watoto.

Katika kuzunguka huko, dawa zikaisha. Siku moja nilikuwa tena halmashauri, na binti nyumbani anamkorogea mdogo wake uji. Akaanguka, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Majirani ndio waliomtoa. Leo vidole vyake vitatu vimeshikana, havifunguki. Sitalipamba hilo kwa maneno. Mwanangu aliungua mimi nikiwa kwenye benchi la ofisi, namsubiri mtu aliyekwenda kunywa chai.

Hospitali ndiko nilikokutana na dada mmoja wa shirika hili lililotuita leo. Akaniuliza habari zangu zote, akaandika. Nikamwambia nimechoka kuandikwa. Akasema watanisaidia dawa za kuanzia, lakini kazi yao kubwa ni kudai ile fomu ibadilishwe, maana walioachwa ni wengi. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Dada, mwanangu hamezi fomu." Uko pale mbele, dada yangu, nisamehe. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Na hizi zikiisha, mama?" 

Basi tukapita naye kwa walioachwa. Tukamkuta mjane aliyekatwa kwa sababu kanisa lilimwezekea bati. Tukamkuta mzee aliyewavalia wageni koti la marehemu kaka yake. Nilidhani mjinga ni mimi peke yangu, kumbe tuliojipamba tukakosa tulikuwa wengi. Nililia njia nzima, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Shirika likaandika mapendekezo, likahangaika muda mrefu mpaka likapewa nafasi kwenye kikao cha halmashauri. Wakaniambia niseme mimi. Nikasimama na hofu yangu. Bwana mmoja akaniuliza, "Mama, kama kweli wewe ni maskini, vile viti vilitoka wapi?"

Ndugu zangu, hofu yote ilinitoka. Nikasema, "Waheshimiwa, nani hapa akipata mgeni wa serikali atamkalisha chini? Anyooshe mkono." Hakuna mkono ulionyooka. Nikasema, "Viti vya mwalimu, chupa ya shemeji, na jogoo aliyekuwa wangu aliliwa na yule baba aliyekaa karibu na dirisha. Firigisi alikula yeye."

Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Yule baba akasimama. Nilijua atanikana. Akasema, "Ni kweli, nilikula. Na mtoto nilimwona, nikaambiwa anaumwa. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika ugonjwa, ilikuwa na mahali pa kuandika viti." Akakaa, ameinamisha kichwa.

Baada ya hapo wakakubali. Sasa wanauliza nani anaumwa, wanauliza kitu ni cha nani, na orodha inasomwa mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kufungwa. Lakini msipige makofi bado. Wameanza na kata yetu tu. Kwingine wanaambiwa wasubiri, na mimi najua, mtu akisubiri, nini kinaendelea nyumbani kwake.

Nawashukuru shirika, na wewe dada uliyevumilia mdomo wangu. Namshukuru mwalimu, ambaye hakuwahi kunidai shukrani. Hata yule baba wa dirishani namshukuru, angeweza kunyamaza. Ninachowaachia ni hiki: heshimuni wageni, lakini msifiche shida ili mgeni afurahi. Na ninyi mnaoandika, ulizeni kabla ya kuandika.

Waandikishaji walipokuja mara ya pili, nilisikia pikipiki zao nikatoka mbio kwenda kwa mwalimu. Ndiyo, hata baada ya yote hayo, miguu ilikwenda yenyewe. Binti yangu akanishika kitenge kwa ule mkono wake. Akasema, "Mama, viti hapana. Wakae tunapokaa sisi."

Wakakaa kwenye mkeka. Kadi tuliipata, na dawa anameza kila siku. Vidole vyake, ndugu zangu, bado havifunguki.