Karatasi Tupu ya Bi Ahsante

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, Bi Ahsante ataifuta nibu ya kalamu yake, ataitia mkobani, na kufunga miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika taasisi yetu. Jina lake halisi limo kwenye faili la ajira na linakaa humo kwa amani. Hata mumewe akipiga simu ofisini humwulizia Bi Ahsante.

Alikuja akiwa mpiga chapa, wakati taasisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, na hoja zetu za kutetea familia, kodi nafuu na serikali isiyochungulia jikoni mwa watu ziliandikwa huku cherehani zikinguruma chini ya miguu. Mwanzilishi wetu, jaji mstaafu aliyevaa tai hata siku ya kuhama ofisi, alimwongezea kazi moja: kuwaandikia wafadhili barua za shukrani. Barua iandikwe kwa mkono, mtu awe ametoa kingi au kidogo. Na isomwe kwa sauti katika kikao cha Jumatatu kabla ya kutiwa kwenye bahasha, mbele ya wafanyakazi wote, mama wa chai akiwemo. Jaji aliamini kwamba shukrani isiyosomeka mbele ya mama wa chai ina jambo ndani yake.

Jaji ametangulia mbele ya haki, lakini desturi yake hakuondoka nayo. Sisi ni wahafidhina, jamani. Mapazia ya ukumbini yalihitaji vikao vitatu vya bodi ndipo yafuliwe.

Anayemfahamu Bi Ahsante anajua kwamba haandiki papo kwa papo. Hugeuza kiti kuelekea dirishani, kalamu hewani, macho yakielea juu ya paa za mabati na nguo zilizoanikwa, na hapo humpati. Watu huingia na kutoka, simu hulia, chai hupoa mpaka ikaota utando. Yeye yuko kwa mfadhili: anapita uani kwake, anapiga hodi, anakitazama kiti anachopenda kukalia. Husema huwezi kumshukuru mtu usiyemwona. Siku moja aliichovya kalamu ndani ya kikombe badala ya kichupa cha wino, akamaliza nusu ukurasa ndipo akashangaa mbona maandishi yamefifia. Barua ile ilisomwa hivyo hivyo, na fundi wetu wa kompyuta anaapa kwamba ilinukia tangawizi.

Kipenzi chake kati ya wafadhili ni mjane mmoja, mkulima wa nyanya, anayetuma kidogo alichonacho kila baada ya mavuno. Miaka ishirini na miwili iliyopita mjane huyo alitia ndani ya bahasha picha ya nyumba yake yenye mlango wa buluu. Tangu hapo wanaandikiana habari za mlango: umepakwa rangi, umevimba kwa mvua, umebadilishwa bawaba. Hawajawahi kuonana. Lakini Bi Ahsante hutueleza jinsi mlango ule unavyolia asubuhi jua likiupiga, na lipi katika hayo ameandikiwa, lipi ameliota, sisi hatujui, na nadhani hata yeye hajui tena.

Wafadhili wadogo walikuwa mia mbili alipoanza. Leo wamepita elfu nne. Mwaka juzi walikuja wataalamu wa uchangishaji na michoro yao kutufundisha namna ya kuwashika wafadhili wasituache. Walikaa asubuhi nzima wakimtazama Bi Ahsante akitazama dirisha, wakala chakula cha mchana, wakaondoka.

Wasifu wake usiotaja mwaka aliofariki jaji ungekuwa chai bila majani. Ni miaka kumi na miwili sasa. Kiti chake cha mkurugenzi kilikuwa kitupu, na mfuko nao ulikuwa unaelekea huko huko. Ndipo akajitokeza mfanyabiashara mmoja mwenye maghala ya saruji. Alikuwa tayari kubeba gharama zetu zote kwa miaka kumi, kwa sharti moja alilolisema kwa upole mkubwa: mkurugenzi mpya awe mtu atakayemteua yeye. Bodi ililiona sharti, ikajifanya haijaliona. Mkono mtupu haulambwi, walisema, na wengi wetu tuliitikia.

Ilibaki barua ya shukrani. Mwenyekiti wa bodi alimkabidhi Bi Ahsante faili zima, naye akageuza kiti. Siku mbili alizitazama zile paa. Jumatatu wajumbe wa bodi walifika na suti zao, ukumbi ukajaa, akaitwa asome. Alisimama na karatasi mkononi, na sisi tuliokaa karibu tukaona haina hata nukta, mbele wala nyuma.

"Nimemtafuta hadi nikafika mlangoni kwake," alisema. "Lakini huyu hajatupa kitu, ametununua. Mimi sijui kumwandikia mnunuzi."

Akaketi. Mama wa chai alilitua birika polepole kama anayeweka mtoto aliyelala. Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwingine anayeweza kuiandika barua ile na kuisoma papo hapo. Hakuna mkono uliopanda. Kabla ya adhuhuri ahadi ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe.

Haikuwa bure. Kwa miezi kumi na mmoja tulipokea nusu mshahara, na yeye alikuwa na mume kitandani aliyevunjika nyonga. Wafadhili wadogo, aliowaandikia wote ukweli wa mambo, ndio waliotuvusha. Baadaye bodi ilitangaza nafasi hadharani, ikamchagua mwalimu mkuu mstaafu anayetuongoza hadi leo, na ambaye bado hutuhesabu asubuhi kama tuko mstarini.

Hapa wasifu ulipaswa kuendelea na zawadi na picha ya pamoja. Lakini desturi ni desturi, na nina jambo ambalo lazima lisomwe mbele ya mama wa chai. Mtu aliyetakiwa na mwenye saruji nilikuwa mimi, mkuu wa utafiti wa wakati ule na wa sasa, ninayeandika wasifu huu. Niliitwa pembeni, nikaambiwa, nikakubali. Suti mpya ilikuwa tayari kwa fundi. Baada ya siku ile nilimsalimu Bi Ahsante kwa kutikisa kichwa tu, karibu mwaka mzima, na sikumwambia mtu sababu. Ilinichukua muda kutambua kwamba kile kiti nisingekikalia mimi. Angekikalia mwenye saruji, na mimi ningekuwa mto wake.

Jumatatu iliyopita, wasifu huu ukiwa umeishia hapo juu, niliusoma kikaoni kama zinavyosomwa barua zote. Nilipofika kwenye aya hiyo mkurugenzi aliinamia meza. Bi Ahsante alikuwa amegeukia dirishani, nikadhani hayupo nasi, ameshafika kwa mtu.

"Nilijua ni wewe, kaka," alisema bila kugeuka. "Jina lako lilikuwa ndani ya faili. Angekuwa mwingine, nisingekaa siku mbili dirishani."

Mama wa chai akanimiminia kikombe, na sikuona aibu kulia mbele ya watu ninaofanya nao kazi.

Bi Ahsante, dada yetu, tumeambiwa tiketi ya basi umekwisha kuikata, na kwamba Jumatatu yako ya kwanza bila kikao utapiga hodi kwa mjane wa nyanya. Ukikuta mlango si wa buluu, tafadhali usituambie. Tunakuombea afya, mume mwenye miguu imara, asubuhi ndefu na dirisha pana la kuotea. Mimi nimezisikiliza barua zako miaka yote hii, na sikuwahi kukuandikia hata moja. Hii niliiandika kwa mkono kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Karatasi yenyewe utaikuta mezani kwako, imejaa pande zote mbili.

Ahsante.