Mpaka Mvua Ioshe Chumvi

DALE: Haloo? Haloo! Ni nani?

NOREEN: Dale? Ni mimi.

DALE: Mimi nani? Ngoja niongeze sauti. Redio hii kwa sura ni ya mwaka sitini na nane, simu inapokea, ila jina la mtu haionyeshi ng'o.

NOREEN: Noreen.

DALE: Dada yangu! Habari za Oscoda? Mzee ameamkaje?

NOREEN: Uko wapi, Dale?

DALE: Bashiri.

NOREEN: Dale, mimi sina—

DALE: Barabarani! Nimeshaipita Standish. Niko ndani ya Skylark ya Baba, usukani nashika kwa kidole kimoja. Mvua ya usiku mmeisikia huko?

NOREEN: Tumeisikia.

DALE: Basi hiyo ndiyo ya pili. Ya kwanza ile ya Jumapili. Chumvi yote waliyomwaga kuyeyushia barafu imekwenda mtaroni, lami inang'aa. Nikasema, leo ndiyo leo.

NOREEN: Simamisha gari kidogo, tuongee.

DALE: Nisimame nini, hata halijachangamka! Dada, we acha tu. Breki za diski, magurudumu yote manne. Ukigusa, linatii. Injini mpya, ya kompyuta, nimewasha mara moja tu, wala haikukohoa. Unakumbuka tulivyokuwa tunalisukuma Jumapili na nguo za kanisani?

NOREEN: Nakumbuka. Sasa sikiliza—

DALE: Wewe ukaanguka kwenye tope, Baba akacheka mpaka akakaa chini! Halafu kuna kiyoyozi, vumbi lisimwingie kifuani. Na kiti chake kina joto. Unabonyeza kitufe, mgongo wenyewe unachekelea. Lakini kwa nje hujui kitu. Milango yake miwili ile ile, rangi yake ile ile ya kijani, mpaka— (sauti inakatika)

NOREEN: Dale? Haloo? Haloo!

DALE: —nipo, nipo. Mtandao wa huku msituni wa kubahatisha. Mpe Baba simu.

NOREEN: Amelala.

DALE: Saa hizi? Mwamshe bwana, atalala baadaye.

NOREEN: Siwezi kumwamsha.

DALE: Basi muwekee simu sikioni hivyo hivyo. Nataka asikie mngurumo. Nimehangaika na eksozi miezi miwili ili sauti ibaki ile yake ya zamani. Akiisikia ataamka mwenyewe.

NOREEN: Dale, tafadhali—

DALE: Dakika moja tu, dada. Moja! Umeweka?

NOREEN: (Shuka inasikika ikisogezwa.) Nimeweka.

DALE: Baba! Mzee wangu! Ni Dale. Sikiliza hii! (Injini inanguruma, inashuka, inanguruma tena.) Umeisikia? Vaa kofia yako kabisa, leo mimi ndiye dereva wako. Tunashuka mpaka ziwani, vioo tunateremsha, wale wazee wenzako pale mgahawani watakula wivu mpaka washibe. Haya, pumzika, nusu saa nyingi. Noreen? Amesemaje?

NOREEN: (kimya)

DALE: Haloo? Ona, mtandao tena. Noreen! Ametabasamu?

NOREEN: Mdogo wangu, simama kando ya barabara.

DALE: Mbona unalia?

NOREEN: Simama kwanza.

DALE: (Kokoto zinasagika chini ya matairi.) Nimesimama.

NOREEN: Zima gari.

DALE: Nimezima. Noreen, nini?

NOREEN: Baba ametutoka.

DALE: Hapana.

NOREEN: Saa nne kasorobo. Nilikuwa naye.

DALE: Hapana, wewe umemwekea simu sasa hivi. Nimeongea naye sasa—

NOREEN: Ulikuwa na furaha mno. Kila nikitaka kusema unanikatiza, na mimi nikaona... sijui niliona nini. Nisamehe.

DALE: Nilikuwa namwambia avae kofia.

NOREEN: Nisamehe, Dale.

DALE: (Lori linapita.) Saa nne kasorobo nilikuwa Pinconning. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikatoa kitambaa, nikawa nafuta matope kwenye rimu. Niliona aibu alione na matope. Robo saa nzima, Noreen. Nafuta rimu.

NOREEN: Hata usingesimama usingemkuta.

DALE: Hujui.

NOREEN: Najua. Toka hapo mpaka huku ni saa nzima.

DALE: Ningeondoka alfajiri basi. Ningeondoka jana.

NOREEN: Lilikuwa tayari lini?

DALE: Nini?

NOREEN: Gari. Lilikwisha lini?

DALE: Unauliza ya nini sasa?

NOREEN: Nauliza tu.

DALE: Wiki ya kwanza ya Machi.

NOREEN: Machi! Wiki sita gari zima limekaa gerejini, linawaka, na mimi huku naambiwa bado kidogo, bado kidogo?

DALE: Kulikuwa na chumvi!

NOREEN: Chumvi, Dale?

DALE: Barabara ilikuwa nyeupe pe! Miaka mitatu nimelala chini ya gari lile nakata kutu, halafu nilitoe liliwe upya na chumvi? Baba mwenyewe ndiye alinifundisha, nikiwa na miaka kumi: theluji ikiisha, ngojea mvua mbili. Si moja, mbili! Wewe ulikuwepo—

NOREEN: Baba mwenyewe alikuomba breki! Breki tu! Alitaka atengenezewe breki ashuke nalo ziwani mchana arudi. Kazi ya wiki moja! Wewe ukaanza na maneno yenu ya gereji, maadamu tumeshafungua. Maadamu tumeshafungua breki, tuguse na usukani. Maadamu tumeshagusa usukani, injini nayo ishuke. Miaka mitatu ya maadamu!

DALE: Nilitaka akae kwa raha.

NOREEN: Angekalia ndoo, Dale! Mradi awe ndani!

DALE: (analia)

NOREEN: Dale. Dale, nimekosa. Sijalala siku nne. Usinisikilize.

DALE: Umesema kweli.

NOREEN: Sikutaka kusema hivyo.

DALE: Yeye alisema? Alinilaumu?

NOREEN: Hata siku moja. Aliyekulaumu ni mimi. Wiki iliyopita nilishika simu nikuite, nikwambie njoo hata kwa basi. Akaninyang'anya. Na ule mkono wake usio na nguvu, akaninyang'anya. "Muache mtoto, barabara bado chafu."

DALE: Alisema hivyo?

NOREEN: Kila asubuhi alinifanya nifungue pazia. Wala hakuuliza Dale yuko wapi. Anaangalia juu, ananiuliza mimi, hayo mawingu ni ya mvua au ya kupita tu?

DALE: Basi, dada. Basi.

NOREEN: Nikasema sasa huyu mzee kilimo kaanza lini. Nimeelewa jana usiku. Ilipoanza kupiga kwenye bati la kibaraza, akanigusa, akanionyesha vidole viwili. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Akaniambia, asubuhi uninyoe, Dale anakuja.

DALE: Ukamnyoa?

NOREEN: (kimya)

DALE: Noreen, ulimnyoa?

NOREEN: Shavu moja.

DALE: Moja tu?

NOREEN: Nilikuwa nasuuza wembe. Nimegeuka, nimerudi na wembe mkononi, nikamwambia geuka kidogo Baba, tumalize na huku. Hakugeuka.

DALE: Na hilo jingine?

NOREEN: Lina povu bado. Sijathubutu kulifuta. Nimekaa tu hapa na taulo.

DALE: Usimalizie.

NOREEN: Watu wa mazishi wamesema wanafika saa saba, Dale. Watafanya wao, ndiyo kazi yao.

DALE: Wasimguse! Waambie wakae sebuleni, wape kahawa, wape chochote. Hilo shavu niachie mimi.

NOREEN: Utaweza?

DALE: Niachie mimi, dada.

NOREEN: Haya. Nakuachia.

DALE: Maji yatakuwa yameshapoa.

NOREEN: Nitachemsha mengine. Liwashe, uje. Taratibu, lakini uje.

DALE: Natoka. Natoka sasa hivi. Noreen, huo wembe usi— (sauti inakatika)

NOREEN: Dale? Haloo? Ngoja nikaweke maji.