Mgongoni Anakupaka Nani?

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni dada yetu mkubwa, ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Mafuta, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika chumba cha uani, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 12 Novemba 1979.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kliniki ya ngozi, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2017, akiwafokea kwa upendo wanaooga maji ya moto mpaka wakachunika, wanaojipaka losheni zenye manukato kisha wakashangaa kuwashwa, na wanaojifuta wakakauka kau ndipo wakumbuke mafuta, maana, alisema, mafuta hayaleti maji, yanafunga mlango tu yasitoke, sasa wewe baba unafungia nini? Na kila mgonjwa, kabla ya kumwachia, alimuuliza: mgongoni anakupaka nani? Watu walicheka, na asiye na jibu alipakwa palepale.

Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na fundi saa, mtu mpole, mwenye vidole vyepesi, wakajaliwa binti mmoja, ambaye kazi ilimpeleka mbali. Shemeji yetu alitutoka tarehe 9 Juni 2015, dada akabaki na vyumba vitatu na redio.

Mwaka jana, sisi ndugu zake wajuaji tulimtembelea, tukaona doa la majimaji kwenye ukuta wa chumba chake, usawa wa mabega, tukaamua bomba linavuja, tukaita fundi, ukuta ukabomolewa, bomba likakutwa zima, naye akatuchemshia chai, akatuacha tujione mainjinia.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na mwasho ukazidi, akalazwa tarehe 2 Mei, ambapo muuguzi wa wodi, mwanafunzi wake wa zamani, alipomwogesha alikuta ngozi laini kila mahali, isipokuwa sehemu ya ukubwa wa kiganja, katikati ya mgongo, iliyokauka ikapasuka, akamuuliza lile swali lake mwenyewe, dada akacheka, akajibu: ukuta.

Tulipokwenda nyumbani kwake kumfungulia madirisha, juu ya plasta mpya doa lilikuwa limesharudi, tukaligusa: mafuta.

Binti yake alifika, akampaka asubuhi na jioni, ngozi ingali na maji, hadi tarehe 19 Mei alfajiri, mama alipokata roho, nyufa za mgongoni zimeshafunga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kliniki, na fundi bomba, aliyetuambia tangu mwanzo kwamba hakuna kinachovuja.

Pumzika kwa amani, dada, mgongoni umeshapakwa.