Kiti cha Bibi Katika Harusi ya Msaga Unga

Mgeni rasmi, Bi. Thyra Holmgaard, mkurugenzi wetu mpya wa sanaa,

KARIBU NYUMBANI

Sisi Wazee wa Benchi wa Baleti ya Søndervold, hapa Copenhagen, tunakukaribisha kwa kahawa, mkate mweusi na samaki wa siki. Kwetu wewe si mgeni hasa. Ulipanda jukwaa letu ungali na mapengo ya meno.

TULIKOTOKA

Katika nyumba hii mchezaji hastaafu, anahama nafasi tu. Huanza utotoni kwa kushika shada la maua, hucheza ujana wake wote, na magoti yakigoma huketishwa kwenye benchi la jukwaani awe babu au bibi wa kijiji. Enzi zetu tuligombea kioo kimoja na kuazimana soksi. Tukizikumbuka siku hizo machozi hutulengalenga, wala hatuoni haya kusema.

TUNAYOJIVUNIA

Msimu ujao una kazi tatu za kisasa, na moja inachezwa pekupeku majini! Mwenzetu Preben alisema, "Mimi nikilowa miguu tu, mafua wiki nzima," lakini ndiye aliyewahi tiketi kuliko sote. Vijana wanaruka tusivyowahi kuruka sisi. Tunawaonea fahari, na wivu kidogo. Tulipoona kwamba "Harusi ya Msaga Unga", baleti yetu ya kale, ndiyo itakayofungua msimu, tulikumbatiana kama watoto.

KILICHOTUKAA KOONI

Furaha hiyo iliishia kwenye mazoezi ya kwanza. Bwana Mads, anayeipanga upya Harusi, ameliondoa benchi. Alimwuliza Ragnhild Bjerre, bibi wetu wa miaka mingi:

"Ngoma ya mwisho kijiji kizima kinacheza, bibi peke yake kaketi. Kwa nini?"

"Ndivyo inavyochezwa, mwanangu."

"Tangu lini?"

Ragnhild alivua shali ya bibi, akaikunja, akaenda zake. Tulimfuata nyumbani.

"Msiniombee kiti kama ombaomba," akatukaripia. "Nimecheza vya kutosha."

"Basi mbona umebana nywele za jukwaani?" Preben akamchokoza.

"Mazoea yana taabu," akasema, akatugeuzia mgongo. Tulijua analia.

Sisi tunajua ni tangu lini. Zamani bibi naye aliinuka akacheza. Jioni moja, katikati ya onyesho, mtoto wa shada alichoka, akampandia Ragnhild mapajani na kusinzia. Muziki wa ngoma ya mwisho ukafika. Tukanong'ona, "Inuka, Ragnhild!" Naye, bila kugeuza kichwa, akajibu, "Mtoto kalala. Chezeni nyie." Akamfunika kwa shali, akaketi mpaka pazia likafungwa. Ukumbi mzima ulilia, ukidhani ndivyo baleti ilivyotungwa.

Tangu hapo bibi huketi, na kila msimu mtoto hupanda mapajani na kujifanya amelala. Kosa likawa mila. Ragnhild hakumwambia Bwana Mads haya, kwa kuwa hakutaka kumtaja mtoto yule, ambaye leo ana ofisi.

OMBI LETU

Mtoto yule, mgeni rasmi, ni wewe. Hatukulaumu kwa kutokumbuka. Aliyelala hajui nani alikesha naye. Hatutaki kuzuia mapya, na maji ya pekupeku tutayapigia makofi. Tunaomba kiti kimoja tu, ngoma ya mwisho, na mtoto wa kukipandia.

Shali uliyoikuta kwenye kiti chako leo, ambayo tunaona umeiweka mapajani, ndiyo iliyokufunika jioni ile. Mwenyewe amesimama pale mlangoni. Tumemhadaa kwamba aje kuichukua, na sasa anatukazia macho. Tafadhali, mpelekee wewe.

Mungu aubariki msimu wako, pazia lifunguke kwa heri na vijana watue salama kila warukapo.

Ni sisi, tulioketi ili wengine wacheze,
Wazee wa Benchi, Baleti ya Søndervold.