Kalicha Temirova, Mke wa Mwenye Duka la Vodka

Ndugu waombolezaji, marehemu Kalicha Temirova alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa Saruu-Bulak, mkoani Naryn, binti wa tatu wa mchunga farasi Temir na mkewe Uulkan, akasoma kijijini hadi mwaka 1975, akaenda chuo cha uuguzi mjini Naryn, akahitimu mwaka 1978 na kurudi kuwa muuguzi wa zahanati yetu hadi alipostaafu.

Tarehe 6 Oktoba 1979 aliolewa na Asanaly, wakajaliwa Nurjamal, Ermek na Cholpon, na mwaka 1995 Asanaly akafungua duka la vodka, ikawa mume anauza mchana na mke anashona vichwa vya wateja waliopasuana kwa ulevi jioni, mpaka siku moja akamfokea mbele ya wagonjwa, "Baba Nurjamal, ama uache kuwauzia, ama uje uwashone mwenyewe!"

Asanaly alicheka tu, maana alikuwa diwani, na kila hoja ya kupiga pombe marufuku ilifia mikononi mwake. Basi mwaka 2012 marehemu akagombea kiti cha mumewe, wagombea wawili birika moja la chai, na hakuna aliyempa nafasi isipokuwa walevi, ambao walijua Asanaly akienda vikaoni duka hufungwa, wakapita nyumba kwa nyumba wakisema, "Mpeni mama kiti, mzee abaki dukani!"

Akashinda, na tarehe 17 Aprili 2013 marufuku ikapita. Walevi walipokwenda kulia kwa Asanaly, aliwajibu, "Si mmemchagua nyie? Mimi nilipiga kura yangu vizuri." Lakini moyoni aliumia, miezi miwili hakumsemesha mkewe, naye marehemu alilia kwa siri akiogopa kwamba ameokoa kijiji na kupoteza nyumba, hadi asubuhi moja Asanaly akamwita amsaidie kupanga unga na viatu vya watoto kwenye rafu zilizobaki tupu.

Januari 2023 aliugua figo, akalazwa Bishkek, Asanaly akimlisha supu kwa mkono wake, akafariki tarehe 2 Septemba 2023.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, madiwani, na majirani mliooka mikate usiku kucha. Wageni wa bonde la pili tunawaomba radhi kwa ya jana, mlipoleta kreti za vodka za matanga, Asanaly akawazuia langoni akisema, "Rudini nazo, jamani, diwani bado yumo ndani."

Pumzika kwa amani, dada yetu Kalicha.