Shangazi na Ukurasa Uliofutwa

Tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika jumba letu la maigizo. Tunamwita Shangazi sote, hata meneja ambaye kiumri ni kaka yake. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, kitabu mapajani, na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Watazamaji hawamjui. Waigizaji wanamwogopa kuliko mama zao.

Katika miaka hiyo amehudumia mara nne tamthilia maarufu ya mlango, ya yule mtunzi wetu mkubwa aliyefariki kabla hajapata nafasi ya kujitetea. Kisa ni chepesi: mume anarudi nyumbani baada ya miaka saba, anabisha hodi, na mkewe hafungui. Kwa nini hafungui? Hapo ndipo wataalamu walipopatia vyeo.

Shangazi alipoajiriwa, mke alikuwa mwovu. Watu walimzomea, na mwigizaji aliyeshika nafasi hiyo alisimamishwa sokoni na mama mmoja: "Wewe dada, si umfungulie mwenzio!" Miaka kumi baadaye, mume akawa mnyonyaji na mke akawa umma. Mlango ulipakwa rangi nyekundu, na mwisho wa onyesho tuliandamana jukwaani, mafundi umeme pia. Kisha akaja mwongozaji aliyesoma mbali, akafuta maneno yote. Dakika tisini, watu wawili wanapumua. Shangazi aliketi na kitabu chake vilevile, na siku ya tatu ya mazoezi akauliza kwa adabu, "Mwanangu, akisahau kupumua nimkumbushe?"

Mwaka huu zamu ilikuwa ya mwongozaji kijana, dada mwenye akili na sauti ya kutosha majumba mawili. Kwake yeye, mke ni shujaa. Ili tusikose kuelewa, alimwandikia hotuba ya kurasa mbili kuhusu uhuru, aitoe mlango ukiwa bado umefungwa.

Jumamosi ya ufunguzi, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa hadi ngazi. Mimi, mtunza mavazi, nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi na pini mdomoni. Mke alianza hotuba, akafika sentensi ya tatu, akakwama. Alikodoa macho upande wetu. Shangazi akanong'ona sentensi ya nne. Dada wa watu hakuisikia. Shangazi akarudia. Wapi! Watu wakaanza kukohoa.

Shangazi alifunga kitabu. Kisha akanong'ona maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, na mke akayadaka kama mtu anayezama:

"Sijakufungia kwa hasira. Ufunguo siuoni."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Shangazi akamgeukia mume, akamnong'oneza, naye akapokea: "Si uko juu ya kabati la vyombo? Ndiko unakouwekaga."

Kicheko kikazimika. Miaka saba hayupo, na bado anakumbuka. Mke akapanda kiti, akapapasa juu ya kabati.

"Nimeuona," akasema. Akabaki ameushika.

Shangazi aliashiria pazia lishuke. Mtunzi aliishia hapo. Kumbe ukurasa ule ulifutwa kwa kalamu nyekundu na mwongozaji wa kwanza kabisa, aliyeona haya kwamba mtu mkubwa vile ameandika kichekesho. Waliofuata walinakili nakala yake. Shangazi alikuwa na ile ya zamani, isiyofutwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Mwongozaji wetu kijana alitujia mbio. "Shangazi, umeniulia hotuba yangu! Kesho usije!"

"Hotuba ilijifia yenyewe, mwanangu," akajibu. "Mimi nimempa maneno ya mwenye kitabu." Lakini mikono yake ilikuwa baridi nilipoishika. Alikuwa amebakiza miezi miwili, na alijua anaweza kuondoka kama mwizi.

Nje, watazamaji hawakutaka kwenda kwao. Mume na mke waliozeeka pamoja walikuwa wakigombana kwenye ngazi: huyu anasema atafungua, yule anasema thubutu. Mwongozaji alisimama nyuma yao, akawasikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alikuja na kiti chake, akakiweka kando ya kigoda, ambako Shangazi alikuwa ameshaketi kama kawaida. "Shangazi, naomba huo ukurasa. Na samahani."

Onyesho limejaa tangu siku hiyo. Bango linasema ni "tafsiri mpya kabisa ya mwongozaji". Shangazi alilisoma, akacheka hadi akaomba maji.

Sasa anarudi nyumbani kwa mumewe, shemeji yetu, ambaye anatuambia hajawahi kumaliza hadithi bila kusahihishwa. Pole sana, shemeji. Sasa ni kutwa nzima.

Shangazi, asante kwa kila sentensi uliyotuokolea tukadhaniwa tuna akili. Upate afya, usingizi wa mchana na miaka mingi ya raha. Kiti chako kiko safu ya kwanza, katikati. Tunakuomba jambo moja tu: unyamaze. Hatuamini kama utaweza.